Chumba Nilichoacha Kufagia

Wenzangu wa chuo, mmeniomba niandike mambo ya kazi yangu kabla sijayasahau, nami nimekubali kwa sababu tangu nistaafu asubuhi zimekuwa ndefu. Vyeo sitaviandika, vipo kwenye jalada langu. Mshahara nao sitaugusa, kila mmoja wenu ana wake wa kulalamikia. Nitaandika kuhusu seva, kompyuta kuu ya chuo, kwa kuwa nimekaa nayo chumba kimoja miaka mingi, na kuhusu programu zilizoandikwa na watu wengine, ambazo kazi yangu ilikuwa kuziendesha bila kuziamini. Kuna kipindi kimoja nililegeza. Hicho nitakieleza kirefu kuliko vingine, maana kilikaribia kumharibia binti wa watu maisha.

Naitwa Konsolata Bukuru, mzaliwa wa Heru Juu. Nilianza kazi chuoni Kasulu siku moja na Severini, kijana mwenzangu aliyetoka Kibondo. Mimi nilikuwa nimesomea uchapaji, yeye umeme wa majumbani. Aliyetupokea ni Fundi Rajabu, mtu wa makamo mwenye kibanda cha kutengeneza redio karibu na soko. Chuo kilikuwa kimemwazima kwa wiki mbili ahudumie kompyuta, na hakikumrudisha tena. Baba yake alitoka pwani kuja kuuza vitambaa Kasulu. Mwanawe akapenda zaidi kufungua vitu kuliko kuviuza.

Siku hiyo ya kwanza zilikuwa zimeletwa kompyuta kumi za msaada, zimepangwa mezani zikiwa zimefunikwa kanga. Sisi wawili tulitaka kuziwasha. Fundi Rajabu akatupa bisibisi.

"Hakuna kuwasha," alisema. "Fungueni kwanza."

Tulifungua. Ya kwanza ilikuwa na kiota cha panya kilichosukwa kwa nyuzi za sweta. Ya pili ilikuwa na kutu mpaka kwenye feni. Ya tatu ilikuwa nzima kabisa, inang'aa.

"Hii tumepoteza muda, fundi," Severini akasema. "Ilikuwa nzima."

"Sasa unajua kuwa ni nzima. Mwanzo ulikuwa unatumaini tu."

Severini alicheka, mimi nikaandika maneno hayo nyuma ya daftari. Nawaambia hili msije mkadhani nilizaliwa na mashaka. Nilifundishwa, kama watu wanavyofundishwa kushona.

Miaka ya mwanzo adui yetu alikuwa flashi. Kila mtu alikuja na yake mfukoni, ina barua, ina picha za harusi, ina kirusi. Fundi Rajabu alimpokea mwenye flashi kwa swali lilelile, awe mwanafunzi au mkaguzi kutoka mkoani: "Hii jana imelala wapi?" Mkaguzi mmoja alikasirika sana. Fundi akaichomeka flashi yake kwenye kompyuta mbovu aliyoitenga kwa kazi hiyo, na skrini ikajaa takataka mbele ya macho yake. Mkaguzi akaomba maji ya kunywa. Toka hapo nikaelewa kwamba mtu anaweza kuwa mwema, msafi, mcha Mungu, na bado akakuletea kitu kibaya mfukoni bila kujua.

Baadaye Fundi Rajabu alistaafu akarudi kwenye redio zake. Chuo kikafungua darasa dogo Kibondo na Severini akapelekwa huko kufundisha. Mimi nikabaki Kasulu na mashine. Wakati huo ndipo lilipoanza somo la kuandika programu, na pamoja nalo ikaja seva.

Utaratibu wenyewe mnaujua, ila niueleze kwa atakayesoma akiwa mgeni. Mwanafunzi anaandika programu yake, awe Kasulu au Kibondo, anaituma kupitia ukurasa wa chuo. Seva inaichukua, inaiendesha, inalinganisha majibu yake na majibu ya siri aliyoweka mwalimu, kisha inatoa alama. Mwalimu anapumzika. Wote walifurahi, mimi nikakosa raha. Fikirini maana yake: mtu usiyemwona uso, aliye mbali nawe kwa safari nzima ya basi, anaandika amri, na mashine yako inazitii. Wataalamu wa Dar huziita amri hizo kodi, neno ambalo ukilitamka kwa sauti sokoni Kasulu watu wanaanza kufunga maduka. Mimi husema programu.

Wiki ya kwanza mwanafunzi wa Nyakitonto alituma programu ya kuhesabu magunia ya maharage, akasahau kuiambia ikome wapi. Feni za seva zililia kama mashine ya kusaga. Nikaweka kikomo: sekunde tano, ukizidi unakatwa. Wiki ya tatu programu nyingine iliandika jina moja kwenye diski, ikalirudia, ikalirudia, mpaka diski ikajaa na mimi mwenyewe nikashindwa kuingia kwenye mashine. Mwenye programu alikuja ofisini kichwa chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Neema ni nani?"

Nikaweka kikomo cha diski.

Ikaja programu iliyozaa nakala zake mbili, na kila nakala ikazaa mbili, mpaka seva ikazimia. Nikaweka kikomo cha uzazi. Hawa wote hawakuwa na nia mbaya. Aliyekuwa na nia alikuwa kijana mmoja mpole wa mwaka wa pili, aliyetuma programu ya mistari mitatu. Haikuhesabu chochote. Ilifungua faili la majibu ya siri, ikasoma, ikayaandika kama yake, ikapata alama zote. Ilikuwa programu fupi na safi kuliko zote za darasa lile, na nilimwambia hivyo kabla sijampa sifuri.

Baada ya huyo nikajenga vyumba. Si vyumba vya matofali. Ni sehemu ndani ya seva iliyozungushiwa ukuta, programu inawekwa mle peke yake, haina mtandao, haina mamlaka, haioni chochote isipokuwa swali lake. Ikimaliza, chumba kinabomolewa, na programu inayofuata inajengewa kingine kipya. Juu yake nikaweka mlinzi, maana yake rekodi: kila anayefungua folda ya mitihani, namba yake ya usajili inaandikwa pamoja na saa. Nilikuwa na fahari na kazi ile. Nilichora ramani yake nikaibandika ukutani.

Sasa nifike kwenye kulegeza.

Kujenga chumba kipya kulichukua muda. Siku za kawaida si neno. Lakini siku ya mwisho ya kukusanya zoezi, madarasa yote mawili yalituma kwa pamoja, foleni ikawa ndefu, na kule Kibondo umeme ulikatika mara kwa mara kabla zamu yao haijafika. Severini alinipigia simu akilalamika, na malalamiko yake yalikuwa ya haki. Nikafanya mambo mawili. Kwanza, badala ya kujenga chumba kwa kila programu, nikajenga kimoja kwa siku nzima, programu zinaingia na kutoka kwa zamu, na ninakifagia jioni. Pili, badala ya kumwekea kila mtu swali lake tu, nikaacha folda nzima ya mitihani ionekane kutoka mle chumbani, kwa sababu kuchaguachagua kulinichosha. Nilijiambia mlinzi yupo. Tena nilijigamba kwenye kikao cha walimu: "Atakayeifungua folda ile nitamjua kwa namba yake kabla hajamaliza kunywa chai."

Severini alikuwepo kwenye kikao hicho.

Miezi michache baadaye, Jumatatu asubuhi, mkuu wa chuo aliniita. Ukungu ulikuwa bado haujaondoka uwanjani, naye alikuwa amekaa na koti. Mezani palikuwa na karatasi moja iliyochapwa, ina maswali manne.

"Unayajua haya?" aliniuliza.

"Hapana, mkuu."

"Ni ya mtihani wa vitendo wa wiki ijayo. Neno kwa neno. Karatasi imekutwa Kibondo, wanafunzi wanapeana. Mwalimu Severini anasema naye ameiona mikononi mwao, alidhani ni maswali ya zamani."

Sikukaa hata kwenye kiti. Nilirudi kwenye seva, nikafungua rekodi. Mlinzi wangu alikuwa ameandika mara moja tu: folda ya mitihani ilifunguliwa Alhamisi iliyopita, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, na programu ya Jenerose Niyonzima.

Jenerose alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, hapa Kasulu. Wazazi wake walitoka Burundi zamani, wakapata uraia, wanalima Kagerankanda. Alikuwa wa kwanza darasani, na si wa kwanza wa kubahatisha. Umahiri wake nao niliugeuza ushahidi. Nikasema moyoni, nani mwingine angeweza?

Aliitwa ofisini kwa mkuu. Alisimama wima, mikono nyuma. Mkuu akaniachia mimi niulize.

"Una ndugu Kibondo?"

"Shangazi yangu anaishi kule, mama."

Nikamtazama mkuu kama mtu aliyeshika kitu. Naandika hili kwa aibu. Kasulu nzima ina shangazi Kibondo. Mimi mwenyewe ninao wawili.

"Alhamisi ulifungua folda ya mitihani."

"Sijui hata iko wapi."

"Rekodi inasema programu yako imeifungua."

"Alhamisi nilituma zoezi la tarehe, mama, kama wenzangu wote." Akanitazama usoni. "Umeisoma programu yangu?"

"Rekodi haina sababu ya kusema uongo."

"Sijasema rekodi inasema uongo. Nimeuliza kama umeisoma."

Nilimwona ana kiburi. Mkuu akamwambia atasubiri kamati ya nidhamu Ijumaa, na Jumanne akapewa barua ya kusimamishwa masomo. Alipokuwa akitoka na begi lake, mmoja wa walimu pale kwenye varanda alisema, si kwa sauti ndogo, "Hawa tuliwapokea wakimbizi, sasa wanatuibia." Nilisikia. Nilijifanya natafuta funguo.

Jumatano nililazimika kuandaa maelezo ya kamati, na maelezo yalihitaji kiambatisho: programu yenyewe. Ndipo nilipoifungua. Nawaomba mlizingatie hilo. Niliisoma kwa sababu nilihitaji kiambatisho, si kwa sababu niliombwa na mtu aliyesimama mbele yangu.

Ilikuwa mistari thelathini na nane. Zoezi lilikuwa la kuhesabu siku kati ya kupanda muhogo na kuung'oa. Mstari wa kwanza uliita maktaba ya tarehe, kama mwalimu alivyoelekeza. Iliyobaki ilikuwa hesabu tupu. Hapakuwa na mahali popote ilipotaja folda, faili wala mtihani. Niliisoma mara tatu. Nikaijengea chumba kipya, kisafi, nikaiendesha. Mlinzi hakuandika kitu. Nikaiendesha tena. Hakuandika kitu.

Rekodi haikusema uongo, na Jenerose hakusema uongo, basi palikuwa na mtu wa tatu ndani ya kile chumba.

Hapa nieleze maktaba ni nini. Programu nyingi hazifanyi kila kazi zenyewe, huita vipande vilivyokwisha andikwa na wataalamu, na vipande hivyo huitwa maktaba. Lakini mashine ikiambiwa iite maktaba ya tarehe, hutazama kwanza mle chumbani ilimo. Ikiona faili lenye jina hilo, hulichukua hilohilo, haiendi kutafuta la kweli. Sasa kama mtu ameingia kabla yako, akaacha faili lake mle ndani na kulipa jina la maktaba ya tarehe, programu yako itaingia, italiita, na kila kilichoandikwa ndani ya faili lile kitatendeka kwa jina lako. Wewe huna habari. Umeingia jikoni, umechota kwenye kopo lililoandikwa chumvi, kumbe mwenzako amejaza kitu kingine.

Chumba kikifagiwa kila mara, hila hiyo haiwezekani. Na mimi ndiye niliyeacha kufagia.

Nikatafuta aliyemtangulia Jenerose Alhamisi ile. Seva hutunza nakala ya kila programu iliyotumwa. Dakika moja kabla yake palikuwa na programu fupi kutoka Kibondo, iliyotumwa kwa akaunti inayoitwa Majaribio. Ilifanya kitu kimoja tu, kuandika faili mle chumbani lenye jina la maktaba ya tarehe. Ndani ya faili lile mlikuwa na amri ya kunakili mtihani na kuuficha pembeni mwa chumba, kisha faili lijifute lenyewe. Na dakika chache baada ya Jenerose, akaunti ileile ilituma programu ya pili. Hiyo iliuchukua mtihani pale pembeni na kuuonyesha kama jibu lake. Mlinzi hakuiandika, kwa kuwa yeye alilinda folda, hakulinda pembe za chumba.

Akaunti ya Majaribio nilimtengenezea Severini mwenyewe, ili ajaribu mazoezi kabla ya kuyapa darasa. Nilimwambia yanayotumwa humo hufutwa kila Jumamosi jioni, naye alilikumbuka hilo. Asichokijua ni kwamba Jumamosi ile umeme wa Kasulu ulikatika mchana ukarudi Jumapili, na kazi ya kufuta haikufanyika. Kwa hiyo sijisifu kwa upelelezi.

Alhamisi nilipanda basi la asubuhi kwenda Kibondo. Ningeweza kumpigia simu, ila nilitaka kumwona uso, na tena, niseme ukweli, nilitumaini atanipa sababu nyingine ambayo sikuifikiria. Nilimkuta darasani peke yake, wanafunzi wametoka kula. Alikuwa amepiga magoti chini ya meza, anaunga waya.

"Konso! Umekujaje bila taarifa?"

"Nimekuja kuhusu akaunti ya Majaribio."

Hakuinuka mara moja. Alimaliza kuunga ule waya, akaukaza, akafunga utepe. Kisha akakaa kwenye benchi.

"Nilijua ukisoma utaona," alisema. "Nilitegemea hutasoma."

"Kwa nini, Severini?"

"Angalia darasa. Kompyuta sita, mbili hazina kibodi. Wanafunzi wakifeli tena, chuo kinafunga darasa. Nimeambiwa kwa mdomo. Hawa wataenda Kasulu na nauli ya nani? Wengine wanatembea kutoka porini huko kuja hapa."

"Na yule binti?"

"Sikumchagua. Ningekujaje kujua atakuwa yeye? Angeweza kuwa yeyote."

"Ulitaka awe yeyote."

Nje wanafunzi walikuwa wanacheka, nasikia sahani zinagongana.

"Jumatatu ulijua jina lake," nikasema. "Jumanne amesimamishwa. Leo Alhamisi."

"Kila siku nilikuwa nasema kesho nitampigia mkuu." Alitazama mikono yake. "Wewe nawe, Konso. Kile chumba ulikiacha wazi. Ningekuta kimefungwa ningerudi."

Alisema kweli, ingawa kweli yake haikumsafisha. Nilimwambia kamati ni kesho saa tatu na kwamba nitasema yote, ya kwake na ya kwangu. Akanisindikiza mpaka stendi. Njiani alininunulia ndizi mbivu kama alivyofanya tangu tukiwa vijana, nami nikazipokea. Mpaka leo sijui kama nilikosea kuzipokea.

Ijumaa kamati ilikaa. Walitarajia niwasomee rekodi na kuketi. Nilianza na ramani yangu ya vyumba, niliyoibandua ukutani, nikawaonyesha mahali nilipoacha kufagia na mahali nilipoacha folda wazi. Nikaeleza habari ya maktaba kwa mfano wa kopo la chumvi, maana wajumbe wawili walikuwa wa kilimo. Ndipo nikataja akaunti ya Majaribio.

Mlango ukafunguliwa kabla sijamaliza. Severini aliingia, suruali ina vumbi mpaka magotini, amepanda gari la alfajiri. Hakuna aliyemwita.

"Anayosema ni kweli," alisema. "Yule binti hajui kitu."

Mwalimu aliyesema maneno yale kwenye varanda naye alikuwa mjumbe. Alifungua daftari lake akawa anaandika, sijui aliandika nini.

Jenerose alirudishwa masomoni siku hiyohiyo. Mtihani ulitungwa upya. Severini aliandika barua ya kuacha kazi kabla hajafukuzwa, na sasa anatengeneza simu Kibondo mjini. Darasa lake halikufungwa mwaka ule. Wanafunzi wake walifanya mtihani mpya, wengine wakafaulu, wengine wakafeli, kama ambavyo wangefanya bila msaada wake. Mimi nilipewa barua ya onyo. Ipo kwenye jalada, karibu na vyeo.

Mkuu alitaka kumpigia Jenerose simu. Nikaomba niende mwenyewe. Jumamosi nilichukua bodaboda mpaka Kagerankanda, nikawakuta nje ya nyumba, yeye na baba yake, Mzee Zakaria, wanaanika muhogo juu ya turubai. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Wewe ndiye uliyemsema," aliuliza, "au ndiye uliyekuja kufuta?"

"Wote wawili ni mimi, mzee."

Akageuza vipande viwili vitatu vya muhogo. "Mimi nimeandikwa kwenye madaftari mengi, mama. Moja linasema mkimbizi, jingine linasema mwombaji wa uraia, la mwisho likasema raia. Kila mara anayesoma daftari hanitazami mimi. Huyu nilimpeleka chuo nikadhani huko wanasoma vizuri zaidi."

Nikamwomba samahani.

Jenerose aliuliza swali moja tu. "Uliisoma siku gani?"

"Jumatano."

"Barua nilipewa Jumanne."

"Ndiyo."

Akatingisha kichwa, akaendelea kuanika. Jumatatu alikuwa darasani. Alinisalimia kwa adabu na hakunizungumzisha zaidi ya salamu muhula mzima. Halafu siku moja alikuja ofisini, akaomba aone jinsi ninavyojenga vyumba. Nilikuwa nimerudia utaratibu wa chumba kipya kwa kila programu, folda ya mitihani nimeiondoa kabisa kwenye mashine ile, na foleni imekuwa ndefu kama zamani. Alisoma kazi yangu saa nzima bila kukaa. Kisha akaweka kidole kwenye skrini.

"Hapa," alisema. "Programu ikikatwa kwa kuzidi sekunde tano, watoto wake, zile nakala ilizozaa, hawakatwi. Wanabaki."

Nilijaribu. Walibaki. Walikuwa wamebaki kwa miaka.

Alipomaliza chuo niliandika barua ya kumwombea kazi, na hiyo ndiyo barua pekee ya aina hiyo niliyowahi kuandika. Alikaa nami miaka yangu ya mwisho. Aliniambia "mama" kama kila mtu, na alikagua kila nilichokifanya. Mwanzoni iliniuma. Baadaye nikaona ninalala vizuri.

Siku ya kuniaga mlikuwepo, mlikula pilau, mkasikia hotuba. Mimi nilirudi Heru Juu mchana, nikakaa, nikaona mikono haina kazi. Saa kumi na mbili jioni nilifungua kompyuta yangu nikajaribu kuingia kwenye seva, niangalie tu kama iko salama. Nenosiri langu lilikataliwa. Nikajaribu tena nikidhani nimekosea kuandika. Likakataliwa. Nikaifunga kompyuta nikaenda kupika.

Asubuhi yake Jenerose alinipigia.

"Shikamoo, mama. Jana jioni kuna mtu amejaribu kuingia kwa jina lako. Mara mbili."

"Marahaba. Ni mimi, mwanangu. Nilitaka kuangalia tu."

Nilisikia anabonyeza vitufe vya kompyuta.

"Nimekuelewa, mama," alisema. "Lakini sauti ya simu siwezi kuiweka kwenye rekodi. Naomba uje uandike kwa mkono wako, usaini."

Nilivaa, nikasimamisha bodaboda, nikaenda kuandika.